Gundi Niliyopaka Chungu cha Mama Yako

Njisi, Kyela
Ijumaa, saa tisa alasiri

Mwanangu Tumpe,

Boksi la gundi uliloniomba nimelifunga kwa kamba, liko chini ya kitanda changu upande wa mlangoni. Ulisema chumba ulichopanga Mbeya kina meza ambayo mguu wake mmoja umeachia. Chukua boksi lote. Mimi sina tena kitu cha kuunga.

Habari za kula vizuri, kufunga mlango na kutochelewa kazini, shangazi zako wamekwambia jana mpaka ukasinzia. Sitazirudia. Nina mambo mawili tu. La kwanza ni gundi, la pili ni mama yako. Nimejaribu kwa siku tatu kuyaandika kila moja peke yake nikashindwa, kwa sababu ni jambo moja.

Jumapili mama yako alipiga simu kutoka Karonga, ng'ambo ya mpaka, akaomba akuone kabla hujaondoka. Nilikunyooshea simu. Ukasema, "Mwambie sina la kuongea na mtu aliyenimwagia maji ya moto akakimbia," kisha ukaenda kuanua nguo. Simu ilikuwa wazi. Alisikia. Kesho asubuhi utapanda basi la Mbeya pale Kasumulu, hatua chache kutoka daraja la mpakani, na daktari hakunificha kwamba ukirudi likizo huenda usinikute. Nikinyamaza leo, jibu lile ndilo litakalobaki. Umelitoa kwa kuamini uongo, na uongo huo ni wangu.

Ningeweza kukwambia kwa mdomo. Lakini nikisema maneno kumi nakohoa, na nikikohoa unanionea huruma, unaniambia, "Pumzika, baba." Ningepumzika. Najijua. Barua haikohoi.

Nianze na meza yako. Usimimine gundi mpya juu ya ya zamani. Kwangua ile ya zamani mpaka uone mbao yenyewe, kisha upake gundi nyeupe ya mbao, kidogo tu, pande zote mbili. Funga kwa mpira wa baiskeli, kaza sana, usiguse mpaka kesho yake. Mafundi wengi wanadhani gundi nyingi ndiyo nguvu. Gundi nyingi ni ukuta kati ya mbao na mbao. Ukifunga ikatoa jasho pembeni, inatosha, futa kwa kitambaa kibichi. Lakini gundi hiyo ni ya ndani ya nyumba. Benchi la nje, linalonyeshewa mvua za huku kwetu, litaachana kabla mpunga haujavunwa. Nasema hivyo kwa sababu nililiunga benchi la kanisa, na mzee wa kanisa mwenye kilo zake akaketi juu yake siku ya mavuno. Alipoinuka alisema, "Mwalimu, mbona elimu yako inalowa?" Watu walicheka mpaka mchungaji akakaa chini. Mimi nilichukia wiki nzima. Nakueleza hili ujue nilikuwa mtu wa namna gani: kuchekwa kuliniuma kuliko kukosea.

Viatu vina gundi yake, ile ya njano yenye harufu kali. Paka soli, paka na kiatu, halafu subiri. Subiri mpaka ukiigusa isishike kidole. Ndipo ubane kwa nguvu mara moja, maana ikishikana hakuna kurekebisha. Fungua dirisha unapofanya kazi hiyo, harufu yake inapanda kichwani. Bomba la maji la plastiki gumu lina gundi yake pia, nayo inayeyusha plastiki kidogo ili vipande viwe kitu kimoja. Beseni na ndoo ni plastiki ya namna nyingine, usihangaike nazo. Hakuna gundi ya dukani inayozishika. Utapaka leo, kesho itabanduka kama ngozi ya nyoka. Beseni likipasuka, shona kwa waya, au fundi alichomelee kwa chuma cha moto, au liwe la kubebea mchanga.

Ile ya mirija miwili ni ya chuma, jiwe na vigae. Kamua sawa kwa sawa, koroga kuliko unavyodhani inahitajika, na changanya kiasi cha kazi iliyo mbele yako tu, kwa sababu ikishaanza kukauka haikusubiri.

Sasa supagluu. Ni kale kachupa kadogo ndani ya boksi, nimekafungia kwenye karatasi peke yake. Inapenda kitu kigumu, kisafi, kilichovunjika kwa kipande kimoja kinachorudi mahali pake bila nafasi. Tone moja, bana, hesabu mpaka sitini. Mara moja niliunga nayo miwani yangu dakika chache kabla ya kipindi, ikaniganda kidoleni. Nilifundisha kidato cha tatu kipindi kizima nikiwa nimeishika miwani usoni kama mtu anayewaza, na nadhani walinisifu kwa kufikiri sana. Hiyo gundi haipendi kupindwa, haipendi maji ya muda mrefu, na haipendi moto. Kwenye maji yanayochemka inalegea. Imeandikwa kwenye karatasi inayokuja na chupa, kwa herufi ndogo. Niliisoma karatasi hiyo. Nataka ujue hilo kabla sijaendelea.

Mama yako alikuwa na chungu kikubwa cha Kikisi, cha wale wafinyanzi wa ufukweni, alichokinunua mwenyewe soko la Lyulilo. Alikwenda Matema kwenye mkutano wa akina mama, akarudi nacho amekipakata ndani ya gari kama mtoto, akagoma kukiweka chini ya kiti. Sufuria tulikuwa nazo. Alisema maji ya kwenye chungu yanachemka taratibu na hayana harufu ya bati. Siku moja mimi ndiye niliyekigonga kwa gurudumu la baiskeli, kikameguka mdomo, kipande cha upana wa kiganja. Hakunigombeza. Alisema tu, "Basi, kitawekewa mbegu."

Heri ningemwacha akawekee mbegu.

Lakini nilikuwa nimetoka Kasumulu na chupa ya gundi mpya ambayo watu walikuwa ndiyo kwanza wanaiona. Nilitaka kumwonyesha. Nikapaka, nikabana, nikahesabu. Ufa ukawa mwembamba kama unywele. Alikigeuza geuza, akaniuliza, "Itavumilia moto hii?"

Nikamjibu, "Kati yangu na wewe, mwalimu wa kemia ni nani?"

Alicheka. "Ni wewe, baba Tumpe. Ndaga fijo." Yaani alinishukuru sana.

Siku ya nne alichemsha maji ya kukuogesha. Ulikuwa na miaka mitatu, umekaa kwenye kigoda karibu na mafiga, unamenya ndizi mbivu. Alikamata chungu kwa kitambaa, mkono huku na mkono huku, akakiinua. Kipande cha mdomo kikabaki kwenye mkono wake wa kulia. Chungu kikapinduka upande wako. Alichofanya ni kukinga kwa mikono yake, na ndiyo maana ulichopata ni bega na mkono wa kushoto, si uso. Viganja vyake viliungua mpaka kucha zikatoka. Hilo hujawahi kuambiwa na mtu yeyote.

Nilikukimbiza zahanati kwa baiskeli ya jirani. Niliporudi jioni, kabla sijaingia ndani, niliokota vigae vyote. Kile cha mdomo kilikuwa na mstari unaong'aa pembeni, mahali gundi ilipokuwa. Nilikitumbukiza chooni. Sikuwa nimepanga kumsingizia mtu. Nilikuwa nafikiria walimu wenzangu, na yule mzee wa kanisa, na namna watakavyosema.

Baada ya wiki moja babu yako aliita kikao kibarazani kwake. Alikuwepo baba yako mkubwa Ambakisye na wazee wawili. Mama yako hakuweza kuja mbele yao. Wewe umekua wakati mila ya ukutila imelegea, umeona wakwe wakisalimiana na wake za watoto wao kwa mkono. Babu yako hakulegeza. Mke wa mwanawe hakumtazama, hakupita njia aliyosimama, hakutamka jina lake, wala sauti yake haikupaswa kumfikia. Mama yako alilelewa na Wangonde wa zamani wa Karonga, akaishika mila hiyo kuliko sisi. Kwa hiyo aliketi nyuma ya nyumba, penye migomba, mikono imefungwa bandeji, na swali likitoka barazani mimi nililipeleka, na jibu mimi nililirudisha.

Babu alisema, "Kamuulize mkeo, chungu kilimponyokaje?"

Nikazunguka nyumba. Akasema, "Hakikuniponyoka. Mdomo ulibaki mkononi, pale ulipopaka gundi. Waambie hivyo hivyo."

Kutoka migombani mpaka barazani ni hatua kama thelathini. Nikafika, nikasema, "Anasema kilimponyoka."

Babu akaniuliza kama alikuwa ameshika kitambaa. Nikasema ndiyo. Akauliza kama alijua mtoto yuko karibu. Nikasema alijua. Kisha akasema, "Kamuulize kama ana neno la kujitetea."

Nikarudi kule nyuma. Mama yako akaniuliza, "Umewaambia habari ya gundi?"

"Nimewaambia."

"Wamesemaje?"

"Wanasema hata hivyo ungeangalia."

Akasema, "Basi sina lingine. Kama hilo halikutosha, nitasema nini?"

Nikarudi barazani, nikasema, "Anasema hana neno."

Babu akasema mwanamke asiye na hata neno moja la kumlilia mtoto wake aende kwao akatulie, na mtoto abaki kwenye ukoo uliotoa ng'ombe. Ambakisye akampakia kwenye baiskeli mpaka Kasumulu siku ileile. Nilisimama mlangoni. Alitaka kukubeba kukuaga, mikono haikumruhusu, akainama akakunusa kichwani.

Mwaka wa kwanza alikuja darajani mara mbili, akatuma mtu kuniita nikulete. Sikukuleta. Niliogopa kwamba akikaa na wewe saa moja atazungumza na mtu, na mtu atazungumza na babu. Magauni ya Krismasi niliyokwambia yanatoka kwa shangazi yako wa Tukuyu yalitoka kwake, yaliletwa na wafanyabiashara. Angalia mikono ya magauni hayo. Yote ni mirefu. Shangazi wa Tukuyu hakujua kovu lako lilifika wapi.

Kwamba alikumwagia maji kwa uzembe akakukimbia, mimi sijawahi kukwambia kwa mdomo wangu. Hilo lilikuwa jambo nililojivunia. Niliacha wengine waseme, nikawa nageuza kichwa. Sasa naona ni ileile kazi ya kubeba maneno, ila safari hii nilibeba kwa kunyamaza.

Babu yako alipofariki nilidhani nitasema, maana nisingekuwa na wa kumwogopa. Sikusema. Nikajua haikuwa babu niliyemwogopa. Mwaka ule nilikwenda Lyulilo siku ya soko, nikamkuta mama mmoja wa Kikisi amepanga vyungu vyake ufukweni, vikiwa ndiyo vinashushwa kutoka kwenye mitumbwi. Nikamuuliza kana kwamba naulizia mtu mwingine: chungu cha kupikia kikimeguka mdomo kinaungwa na nini?

Akawaita wenzake. "Njooni mumsikie mwalimu! Anataka kuunga chungu!" Kisha akaniambia, "Baba, hata mtoto wetu anayetambaa anajua. Chungu kikiumia hakirudi motoni. Kinahamishwa kazi. Kitawekewa mbegu, kitawekewa kunde. Ukikirudisha motoni unamtafuta mtu."

Mama yako alikuwa amesema hivyohivyo. Nilimaliza chuo nikiwa na cheti cha kemia, na watu wawili ambao hawakuingia darasa la kemia walilijua jibu kabla yangu. Kwa hiyo, ukishika kitu kilichovunjika, usianze kuuliza gundi ipi ina nguvu. Uliza kwanza kitu hicho kikitoka mkononi mwako kitakwenda kupatwa na nini: maji, moto, kupindwa, kubeba uzito. Na uulize nani atakuwa amekaa karibu nacho. Ukikosa jibu, kihamishe kazi. Nisingependa utafute mafumbo hapa. Nimesema gundi, nimemaanisha gundi.

Jumatatu nilimwita Ambakisye. Alifika ananung'unika habari ya goti lake, akakaa penye kile kiti cha kamba. Nikamweleza yote. Mwanzoni alinitania, "Mzee mzima unaungama kwangu? Wachungaji wamekwisha Kyela?" Nilipofika kwenye hatua thelathini aliacha kutania. Akasema, "Mimi ndiye niliyempakia. Njia nzima nilimtukana yule mama. Aliniambia kitu kimoja tu, kwamba baiskeli yangu inavuja upepo." Akasimama. "Utamwambia mtoto wewe mwenyewe, tena kabla hajapanda basi. Mimi nimechoka kuzika watu na siri zao." Hakunipa mkono. Juzi alileta samaki, kwa hiyo nadhani atakuja kunizika.

Jumanne nilimpigia mama yako. Nilimwambia kwamba kikao hakikuwahi kusikia habari ya gundi. Nilimwambia nilichosema mahali pa maneno yake, neno kwa neno, kama nilivyokuandikia wewe.

Akasema, "Kumbe hawakusikia."

Nikasema hawakusikia.

"Miaka yote hii nilidhani walisikia wakanihukumu vilevile. Nilimchukia baba yako mpaka alipokufa. Sikuja hata kwenye msiba." Hakulia, au hakutaka nisikie. Aliniuliza kuhusu moyo wangu, kama miguu imevimba, nikamjibu. Hakusema amenisamehe, nami sikuuliza. Sioni kwamba ni kitu ninachopaswa kuuliza kwa simu, wala wewe sikuulizi kwa barua.

Najua unachoweza kufanya ukimaliza kusoma. Unaweza kuondoka bila kuniaga. Unaweza kuja hapa kitandani ukaniuliza maswali, nami nitajibu hata kwa kukohoa. Unaweza kukasirika miaka mingi, na hasira hiyo ni yako, ielekeze mahali pake. Nimebakiza siku chache, hivyo usinihesabu kama hasara. Lakini hasira uliyokuwa nayo kwa yule mama haikuwa yako kamwe. Nilikupa mimi.

Kabla ya kukata simu nilimwambia mama yako kwamba nitakuandikia barua hii kabla hujaondoka. Nikamuuliza, "Nimwambie Tumpe nini kutoka kwako?"

Akasema, "Hapana. Safari hii usinisemee."

Kwa hiyo humu hamna neno lake hata moja kwako. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Kesho tangu saa kumi na mbili asubuhi atakuwa upande wetu wa daraja.

Baba yako.